Njia ya Pugu na watu waliobaki nje ya picha

Ukishapita Gongo la Mboto kuelekea Kisarawe, tambarare ya jiji inakwisha na barabara inaanza kupanda vilima vya Pugu. Dereva wa daladala hubadili gia, na abiria hunyamaza kidogo, labda kwa sababu ya upepo unaoanza kuingia dirishani. Nimepita hapo miaka mingi nikiwa nimekaa. Safari hii nilishuka Pugu asubuhi, nikaelekeza uso mjini, nikaanza kutembea.

Nilitaka kuipima kwa miguu hadithi ambayo kila aliyesoma Tanzania ameisikia: kwamba Mwalimu Julius Nyerere, alipokuwa akifundisha Shule ya Mtakatifu Francis hapa Pugu, alikuwa akitembea kwa miguu hadi Dar es Salaam kwenye mikutano ya siasa, kisha anarudi. Mkobani nilikuwa na kitabu cha Mmarekani mmoja, William Edgett Smith. Makala yake ya wasifu wa Nyerere ilitoka katika jarida la The New Yorker mwaka 1971, kisha ikawa kitabu kiitwacho We Must Run While They Walk. Jina hilo limetokana na maneno ya Mwalimu mwenyewe, kwamba sisi hatuna budi kukimbia wakati wengine wanatembea. Nimekisoma mara tatu. Kila mara nimekipenda, na kila mara nimekifunga nikiwa na dukuduku.

Leo Pugu imo ndani ya Ilala, lakini vilima ni vilevile vya Kisarawe, na Kisarawe mjini ni kilomita chache tu mbele. Mwanzoni mwa mwaka 1953 alifika hapa kijana wa miaka 30, amerudi kutoka Uingereza na shahada ya M.A. ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, akiwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kusoma katika chuo kikuu cha nchi hiyo. Alikuwa amefunga ndoa na Maria Gabriel Magige tarehe 24 Januari mwaka huohuo. Alikuja kufundisha historia. Tarehe 17 Aprili, kabla hajamaliza hata nusu mwaka, alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, katika ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja, akimshinda Abdulwahid Sykes. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikazaa chama cha TANU. Tarehe 7 Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi akatakiwa achague chaki au siasa, naye akaacha kazi mwezi huohuo. Muda wote huo aliokuwa Pugu ni miaka miwili na kitu hivi.

Basi nikatembea. Kutoka Pugu hadi Kariakoo ni kama kilomita 20. Mtu mwenye afya anayekwenda mwendo wa kawaida atatumia saa nne, pengine tano, na mimi nilitumia zaidi ya tano kwa sababu ya jua na magari. Nilipofika Ukonga miguu ilikuwa imeanza kunisemesha, na ndipo hesabu ikanijia yenyewe. Kwenda na kurudi ni kilomita 40, takriban saa kumi za kutembea, na katikati yake pana mkutano wa kujadili katiba ya chama au barua ya kupeleka kwa Gavana. Mtu anaweza kufanya hivyo mara moja, hata mara kumi. Lakini mwalimu mwenye vipindi Jumatatu asubuhi, tena kwa miaka miwili? Hapana shaka alitembea, na alitembea sana. Ila njia yenyewe inakuambia kwamba hakuwa peke yake. Kuna mtu alimpa kitanda usiku ule. Kuna mtu alimwekea chakula. Kuna mtu mwenye gari alimrudisha shuleni giza lilipoingia.

Mtu mwenye gari anajulikana. Aliitwa Dossa Aziz.

Nitarudi kwake. Kwanza nimpe Smith haki yake, maana ni rahisi kumlaumu mwandishi aliyekutangulia ilhali unakula matunda ya kazi yake.

Wasifu wa msomi ni kazi ngumu kwa mwandishi wa habari. Mwanajeshi ana vita, mwanamuziki ana jukwaa, mchezaji ana uwanja. Msomi ana nini cha kuonyesha? Anasoma, anafikiri, anafundisha, anaandika. Mwandishi akikaa naye siku nzima atarudi na maelezo ya miwani, rafu za vitabu na kikombe cha chai kilichopoa. Wengi huishia hapo. Smith hakuishia hapo. Alimchukua Nyerere kama mwalimu kwanza na rais baadaye, na ukimsoma unamsikia mtu anayejibu swali kwa swali, kama afanyavyo mwalimu mzuri darasani. Huo ni ufunguo sahihi. Mtu aliyekuja kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili akiwa na nchi nzima mabegani hawezi kueleweka kwa kuhesabu kura na mawaziri wake.

Nguvu yake ya pili ni wakati. Mwaka 1971 mashahidi wengi walikuwa hai. Mama mzazi wa Nyerere, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa hai, na ndugu, walimu na wenzake wa shule walikuwa bado na kumbukumbu za motomoto. Mwandishi wa habari ana mguu ambao mwanahistoria mara nyingi hana: hangoji nyaraka zifunguliwe, anakwenda kubisha hodi. Ndiyo maana hadi leo, mtu yeyote anayeandika juu ya ujana wa Nyerere hujikuta ameshika kikombe na kuinama kwenye kisima cha Smith, pamoja na kile cha Judith Listowel, mwandishi mwingine wa habari ambaye kitabu chake juu ya kuzaliwa kwa Tanganyika kilitoka mwaka 1965.

Kuna jambo lingine linalofaa kusemwa kwa haki. Kwa nini wasifu ule uliandikwa na mgeni? Magazeti yetu yalikuwepo. Lakini The Standard lilitaifishwa Februari 1970, likawa chini ya uendeshaji wa Frene Ginwala, na mhariri mkuu kwa cheo alikuwa Rais mwenyewe. The Nationalist lilikuwa la TANU, na mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, ambaye naye alisoma hapahapa Pugu. Sisemi waandishi hao hawakuwa na uwezo, maana walikuwa nao tele. Lakini ni vigumu kumchora mtu anayeshika penseli yako. Mgeni alikuwa na nafasi ya kuuliza, naye aliitumia.

Sasa dukuduku langu.

Smith aliandika kwa ajili ya msomaji wa Marekani, na msomaji huyo alihitaji kumjua mtu mmoja. Muundo wa makala ya wasifu nao unadai hivyohivyo: uso mmoja, sauti moja, safari moja kutoka Butiama hadi Ikulu. Kila anayeingia anaingia ili kumwangaza huyo mmoja. Mtu akishaandikwa hivyo, njia anazopita hugeuka kuwa za kwake peke yake. Barabara ya Pugu inakuwa barabara ya Nyerere. Wale waliokuwa upande wa pili wa barabara, Kariakoo, wakimngoja, wanakuwa kituo tu cha kushukia.

Udhaifu mwingine ni kwamba chanzo kikuu cha wasifu wa aina hii ni kumbukumbu za mhusika na za watu wake. Mwalimu alikuwa msimulizi hodari. Msimulizi hodari huyapanga maisha yake vizuri bila hata kukusudia kudanganya: anayakata mizizi, anayapogoa, anayapa mwanzo na mwelekeo. Na makala ya jarida haina tanbihi. Huwezi kujua sentensi hii imetoka kwa nani, na ile imethibitishwa wapi. Ilibidi wanazuoni waje baadaye. Thomas Molony wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alichapisha mwaka 2014 kitabu juu ya miaka ya mwanzo ya Nyerere, akienda kwenye kumbukumbu za chuo na kulinganisha masimulizi na karatasi. Mwaka 2020 Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata wakatoa majuzuu matatu ya wasifu wake, kazi kubwa kuliko zote zilizotangulia. Waandishi hao hawakumfuta Smith. Walimweka mahali pake, na mahali pake ni pa heshima: shahidi wa mapema, mwenye jicho zuri, asiyeweza kuachwa asimame peke yake.

Lakini hata wanazuoni wenye tanbihi wanaweza kuiacha Kariakoo gizani. Aliyewasha taa upande huo ni Mohamed Said, mtoto wa Kariakoo, aliyetoa mwaka 1998 kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes. Aliandika kwa uchungu, kwa sababu historia ya TANU iliyotolewa na Chuo cha CCM Kivukoni mwaka 1981 haikumpa Abdulwahid nafasi yake. Kutoka kwake tunajua kwamba Joseph Kasella Bantu ndiye aliyemfikisha Nyerere nyumbani kwa Abdulwahid. Tunajua kwamba mwisho wa juma mwalimu wa Pugu alikuwa na mlango wa kugonga mjini, na kwamba Dossa Aziz alikuwa akimrudisha shuleni kwa gari lake. Tunajua pia kwamba baada ya kuacha ualimu na kukaa kwao Musoma kwa muda, aliporudi Dar es Salaam alipokewa katika nyumba hiyohiyo ya Abdulwahid. Wapo wanaosema Mohamed Said anapendelea upande wake. Inawezekana. Ila hesabu ya kilomita 40 niliyoifanya kwa nyayo zangu inampa ushahidi ambao haukutoka Kariakoo.

Abdulwahid Sykes alifariki mwaka 1968, miaka mitatu kabla ya makala ya Smith kuchapishwa. Huyo mwandishi asingeweza kumpata tena. Dossa Aziz alikuwa hai. Ally Sykes, mdogo wa Abdulwahid, alikuwa hai.

Kiswahili chenyewe kina onyo ndani ya neno. Wasifu na sifa ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kueleza jinsi kitu kilivyo. Lakini kwetu sifa imeegemea upande wa kusifu, na wasifu umevutwa nayo. Tukisikia fulani ameandikiwa wasifu tunatarajia utamu. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad alikuwa na mapenzi makubwa kwa mhusika wake, na mapenzi si kosa. Nisichokikubali ni mwandishi kudhani kwamba akishampenda mtu amemaliza kazi ya kumchunguza. Smith alimpenda Nyerere. Mimi pia nampenda. Ndiyo maana nataka kujua nani alimlipia nauli.

Siku ya pili nilipanda hadi Kisarawe. Minaki iko hapo, shule iliyoanzishwa na Waanglikana wa UMCA mwaka 1925 walipohamisha chuo chao kutoka Kiungani, Zanzibar. Ukitazama kutoka ukingo wa vilima, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi umetanda chini, na ng'ambo yake jiji linameta. Wakoloni na wamisionari walipenda kuweka shule mahali kama hapa, karibu na mji lakini nje yake, wavulana wasome bila kelele za mtaani. Pugu na Minaki zilikuwa na nia hiyo moja. Kwa hiyo kila mara Nyerere aliposhuka kilima kwenda Kariakoo alikuwa akivuka mpaka uliowekwa kwa makusudi, kati ya msomi na mtaa. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo kubwa la miaka ile miwili, kubwa kuliko idadi ya kilomita. Msomi wa Edinburgh alikwenda kuketi barazani na watu ambao wengi wao hawakufika chuo kikuu, akajifunza kwao jinsi ya kusema na umma. Wao ndio waliokuwa na mji. Yeye alikuwa na shahada na ulimi.

Wasifu unaotueleza alichofundisha bila kutueleza alikofundishwa umekamata nusu ya mtu.

Na mawazo je? Hapo makala ya gazeti hupwaya zaidi. Nyerere akiwa Makerere mwaka 1944 alimsoma John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Kiingereza, akaandika insha juu ya uhuru wa wanawake akitumia hoja za Mill kutazama maisha ya wanawake wa Kizanaki. Insha ile ni mlango wa kuingilia katika kichwa chake. Mtu anayetaka kumtathmini kama msomi aanzie hapo, aulize alibadilika wapi, alikosea wapi, nini alikisema kijana na hakukitimiza akiwa mtawala. Makala ya wasifu huligusa jambo kama hilo na kupita, kwa sababu hoja haina uso wa kuchorwa.

Ukitaka kuiona hoja imesimama kwa miguu yake, nenda Kibaha. Kutoka Kisarawe unashuka tena Pugu, unapita Kinyerezi hadi kuikuta Barabara ya Morogoro, kisha unakamata gari la Kibaha, Maili Moja hadi Tumbi. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa serikali ya Tanganyika na nchi za Nordiki. Mwaka 1965 shule ya sekondari ikafunguliwa. Pembeni yake palikuwa na mafunzo ya wakulima na kituo cha afya ambacho baadaye kimekuwa hospitali ya Tumbi, na tarehe 10 Januari 1970 mradi wote ukakabidhiwa kwa Watanzania. Shule, shamba na zahanati katika uwanja mmoja: ni wazo lilelile ambalo Mwalimu aliliandika Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba mwanafunzi asikae kisiwani mbali na jamii yake. Mtu aliyefundisha juu ya kilima cha Pugu alikuja kutaka shule zishuke kilima.

Mbele kidogo, Kwa Mfipa, ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyozinduliwa Februari 2022 na kumilikiwa na vyama sita vilivyoongoza ukombozi kusini mwa Afrika, CCM kikiwemo, kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Majengo ni mapana na mazuri. Natumaini wanaosoma humo wanasoma pia makosa ya Mwalimu, kwa sababu yeye mwenyewe, alipostaafu, hakuona haya kuyataja baadhi yake.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mlandizi.

Ni mji wa barabarani, katika Wilaya ya Kibaha, baada ya Visiga na kabla ya Mto Ruvu. Malori ya Morogoro yanapumzika hapo, wanawake wanauza matunda madirishani. Hapa ndipo Dossa Aziz, mmoja wa wale 17 walioasisi TANU pamoja na Nyerere, alimalizia maisha yake. Gari lake ndilo lililokuwa la kwanza la chama. Alikitolea, kama alivyotoa fedha na muda. Hakuwa waziri mkubwa, wala hakuandikiwa wasifu katika jarida la New York. Ningependa kujua walizungumza nini yeye na mwalimu kijana usiku ule wakipanda vilima vya Pugu, taa za gari zikimulika vumbi. Fikiria mazungumzo hayo. Historia nzima ya nchi ilikuwa inapangwa ndani ya gari lile, na mashahidi walikuwa wawili tu. Mmoja aliulizwa maisha yake yote. Mwingine alikaa Mlandizi.

Nilikaa kwenye kibanda cha chai nikamfungua Smith kwa mara ya nne. Bado ni kitabu kizuri. Nitaendelea kumpa kijana yeyote anayetaka kujua Nyerere alikuwa mtu wa namna gani, na nitamwambia asome na cha Mohamed Said palepale, kimoja mkono wa kulia na kingine wa kushoto. Hukumu yangu kwa Smith ni hii: alimwona mtu vizuri, hakuiona njia. Hukumu kwetu sisi tuliomfuata ni kali zaidi, kwa kuwa yeye alikuwa mgeni na alikuwa na tarehe ya mwisho ya kupeleka makala, na sisi tulikuwa na miaka hamsini na nauli ya daladala.

Aliyekuwa na miaka 15 darasani Pugu mwaka 1954 sasa anakaribia 90. Wapo waliobaki, wachache, Kisarawe, Kibaha na kwingineko. Kama una babu au mjomba aliyesoma Pugu au Minaki miaka hiyo, au aliyeishi Kariakoo wakati wa TAA, mwendee wiki hii. Washa simu, mrekodi. Akimaliza kukusimulia habari za Mwalimu, usizime. Muulize mikutano ilifanyika nyumbani kwa nani, chakula kilipikwa na nani, gari lilikuwa la nani, kisha uyaandike majina yote atakayokutajia.